Suruali za goti kwenye baiskeli? Vaa tu

Umeuliza kama suruali za kizamani za Ulaya, zile zinazofungwa chini ya goti, zinafaa kuendeshea baiskeli au ni za kupigia picha tu. Zinafaa sana. Hakuna pindo la kunaswa na cheni, na goti linakunjika bila kubanwa. London kuna msafara wa baiskeli wa wapenzi wa twidi, kile kitambaa kizito cha sufu, tangu 2009, na wengi huja nazo. Zile pana za Waingereza, zinazoning'inia inchi 4 chini ya goti, zina madaha yake ila kwenye upepo zinajaa kama tanga. Kwa safari ndefu mimi huchukua za inchi 2.

Kitambaa chukua sufu. Kodrai ni nzuri kwa macho, lakini ikilowa inakuwa nzito na haikauki leo wala kesho.

Ukinunua mtumba, usiamini saizi iliyoandikwa. Nyingi zilivaliwa juu, usawa wa kitovu, kwa kamba za mabegani, kwa hiyo jipime hapo. Kisha inua suruali kwenye mwanga utazame makalio na katikati ya miguu: penye uwazi kama chandarua patachanika kwenye siti ya baiskeli. Vitundu vidogo vilivyotapakaa ni kazi ya nondo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke friza wiki 2 kabla haijagusana na nguo zako nyingine. Bizimu ya gotini ikikosekana si neno, fundi yeyote atakuwekea kifungo.