Boki: anzeni na miguu, mkono utafuata

Mzazi mwenzangu, kama kijana wako ndiye mrushaji wa timu ya besiboli ya sekondari hapa Marekani, usimwachie runinga imfundishe kumnasa mkimbiaji. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) ina kanuni zake. Shule nyingi huchezea kanuni za NFHS, shirikisho la taifa la michezo ya sekondari, na kwenye boki, yaani kosa la mrushaji kumhadaa mkimbiaji, kanuni hizo zinaachana na za ligi kuu mahali kadhaa.

Kwa ambaye mchezo huu bado mgeni kwake: mrushaji husimama juu ya kichuguu, mguu mmoja umegusa kibao cheupe cha mpira, kiasi cha meta 18 kutoka nyumbani anaposimama mpigaji. Mkimbiaji, mchezaji wa timu inayopiga aliyekwisha kufika besi ya kwanza, hujisogeza hatua chache akiivizia ya pili. Mrushaji ana haki ya kumgeukia na kurusha ili anaswe nje ya besi. Hana haki ya kujifanya anamrushia mpigaji kumbe sivyo. Ni kama penalti: madoido unaruhusiwa wakati unaukimbilia mpira, lakini ukishaufikia, kumhadaa kipa kwa kujifanya unapiga ni kosa. Hila hiyo kwa mrushaji ni boki, na kila mkimbiaji anasogea besi moja bure. Aliyeko ya tatu anaingia nyumbani, pointi imeandikwa, na hakuna aliyepiga mpira. Inauma sana kuona vijana waliopambana jioni nzima wakipoteza mechi namna hiyo.

Nimesaidia kuwanoa warushaji wa shule ya mwanangu kwa misimu kadhaa, na muda mwingi tunaumaliza kwenye miguu. Mkono wa kijana unaweza kuwa na kasi ya kutisha, lakini mwamuzi anatazama kiatu. Akiwa amekanyaga kibao na anataka kurusha besi ya kwanza, ule mguu mwingine, mguu huru, lazima upige hatua kuelekea besi hiyo hasa, na mpira lazima utoke mkononi. Besi ya kwanza haina geresha. Ya pili na ya tatu anaweza kutishia asirushe, mradi yupo mkimbiaji wa kurudishwa. Ligi kuu ilipiga marufuku geresha ya besi ya tatu mwaka 2013; sekondari bado ni halali. Halafu tangu 2023 mrushaji wa ligi kuu ana kikomo: akishatoka kibaoni au kurusha besi mara mbili kwa mpigaji mmoja, jaribio la tatu lisipomtoa mkimbiaji ni boki. Kijana wako hana kikomo hicho, kwa hiyo asiogope kurusha tena.

Anayerusha kwa mkono wa kushoto anatazamana na besi ya kwanza, na hiyo ni neema kubwa. Andy Pettitte, mrushaji wa zamani wa timu ya Yankees ya New York, alijijengea jina kwa kuwanasa watu pale. Lakini mguu huru ukishavuka mzima ukingo wa nyuma wa kibao, besi ya kwanza imefungwa: arushe kwa mpigaji, au aigeukie besi ya pili.

Kisha kuna kusimama. Mikono ikishakutana, glavu ikiwa haijazidi kidevu, mwili lazima utulie kabisa, utulivu unaoonekana. Kugeuza tu mwendo wa mikono hakuhesabiki. Mwaka 1988 ligi kuu iliyakaza maneno ya kanuni hii na msimu ule ukazaa boki 924. Dave Stewart, mrushaji wa timu ya Oakland, peke yake alipata 16. Mwambie kijana ahesabu moja moyoni kabla ya kuanza kurusha.

Mikono ikishakutana, sekondari pia hairuhusu kugeuza mabega kumwangalia mkimbiaji. Kichwa tu. Mimi naiona kanuni kali mno kwa vijana, ila ndiyo iliyopo na waamuzi huitumia. Na akiwa amesimama kwa mtindo wa kumkabili mpigaji na kuzungusha mikono, haruhusiwi kurusha besi yoyote mpaka atoke kibaoni kwanza.

Kutoka kibaoni ndiyo kinga yake. Akihisi amechanganyikiwa, aurudishe nyuma ule mguu uliogusa kibao, ukanyage ardhi nyuma yake, hapo tu ndipo aachanishe mikono. Sasa ni mchezaji wa ndani, kama wenzake wanaolinda besi, anaweza hata kutishia besi ya kwanza. Bei yake ni hii: mpira ukimponyoka ukatoka nje ya uwanja, wakimbiaji wanapewa besi mbili badala ya moja ambayo wangepewa kama angerusha akiwa kibaoni.

Nanyi mlioko majukwaani, boki ikiitwa sekondari mpira umekufa papo hapo. Mpigaji hata akiupeleka nje ya uzio, haihesabiki. Ligi kuu wangeacha mchezo uendelee, na wazazi wengi hukasirika kwa sababu wamezoea hivyo.

Kwa mazoezi, simama nyuma ya besi ya kwanza na simu yako, rekodi kijana akirusha upande wako, kisha sitisha picha pale mguu huru unapotua. Ncha ya kiatu ikiwa imeelekea kwa mpigaji, rudieni polepole bila mpira mpaka ielekee kwako.