Fedha za mabati ziko kwenye simu yangu

Msomaji mmoja, mhazini wa kamati ya ujenzi katika mtaa wa usharika wa Kilutheri, ameniandikia kwamba waumini hutuma ahadi zao za mabati kwenye namba yake ya simu, na kwamba mara mbili mwaka huu alichukua kiasi kidogo, akakirudisha kabla ya mtu yeyote kufahamu. Sasa binti yake, mwanafunzi wa uuguzi, anadaiwa ada ya shilingi 600,000, mitihani imekaribia, na kwenye simu ya baba kuna shilingi 1,140,000 za kanisa. Anauliza kama kukopa kwa nia ya kurudisha ni dhambi, kisha anaomba nimwombee nguvu ya kushinda jaribu hili.

Ndugu yangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara tatu, nami ninakushukuru kwa kuiandika kabla hujazigusa fedha hizo tena. Swali la kwanza nitalijibu kwa ufupi, kwa kuwa naamini jibu lake unalijua. Mkopo huwa na anayeomba na anayekubali kutoa. Waliotuma ahadi zao hawakuombwa wala hawakukubali. Ndiyo, ni dhambi, hata kama kila shilingi ilirudi.

Hata hivyo, usijione mwovu kuliko wengine. Mjaribu alipomjia Bwana wetu jangwani, baada ya siku 40 za kufunga, hakuanza na milki za ulimwengu na fahari yake. Alianza na mkate, na mwenye njaa kutamani mkate si kosa. Ada ya binti yako ni mkate wa namna hiyo. Ndiyo maana jaribu lako ni zito: limekujia likiwa na sura ya wajibu wa baba, na sauti inayokuhimiza uchukue inafanana mno na ile inayokuhimiza umpende mwanao.

Kuhusu maombi, nitakuombea, lakini niruhusu niseme wazi kwamba unaomba nguvu ya kulala na kuamka na fedha hizo mkononi bila kuzigusa, ilhali Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 10:13, anasema kwamba pamoja na lile jaribu Mungu atafanya na "mlango wa kutokea". Paulo mwenyewe aliutumia. Makanisa yalipochanga kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, hakutaka kuzishughulikia fedha hizo peke yake, bali alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu (2 Wakorintho 8:18-21). Ikiwa mtume alihitaji shahidi kando ya mfuko, wewe na mimi tunamhitaji zaidi. Nami nasema hivyo kwa kuwa niliwahi kutunza fedha za kikundi cha akina mama, na ninajua jinsi salio la watu linavyoanza kuonekana lako linaposomeka pamoja na lako, tarakimu moja tu isiyo na mpaka. Nililala vizuri tulipofungua akaunti yenye watia saini watatu.

Kwa hiyo, kabla ya Jumapili, peleka fedha zote kwenye akaunti ya usharika, mjumbe mmoja wa kamati akishuhudia. Iombe kamati itafute lipa namba yenye jina la kanisa, na itangazwe ibadani kwamba ahadi zisitumwe tena kwenye simu ya mtu binafsi.

Linalobaki ni gumu zaidi. Barua yako haimtaji mama wa binti huyu popote. Kama yuko nawe, mwambie yeye kwanza, kisha nendeni pamoja kwa mchungaji, umweleze zile mara mbili bila kupunguza. Siwezi kukuahidi kwamba utapongezwa. Yusufu alimkimbia mke wa Potifa akaliacha vazi lake mikononi mwa mwanamke huyo, na kilichofuata kilikuwa gereza. Huenda ukavuliwa uhazini, na kwa maoni yangu itakuwa vyema ujiuzulu mwenyewe, kwa sababu hupaswi kurudi mahali pale pale ukiwa na jeraha lile lile.

Ada nayo isisubiri. Vyuo vingi hupokea malipo kwa awamu, hivyo nenda mwenyewe kwa mhasibu wa chuo ukiwa na barua na kiasi chochote ulicho nacho, uombe binti afanye mitihani huku ukimalizia deni. Kwa mchungaji na wazee wa kanisa, baada ya kuungama, itaje pia haja hii, uwaombe msaada au mkopo halisi, ambao wana uhuru wa kuukubali au kuukataa. Wakikataa, niandikie tena tutafute njia nyingine, fedha za mabati zikiwa tayari benki.