Muulize mama kabla hujamfuata

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Lindi aliniandikia: "Dada, mama yangu yuko peke yake kijijini. Mimi nina vyumba viwili vya kupanga hapa mjini. Nimlete?" Usingizi ulinipotea, maana swali hilo mimi mwenyewe nililijibu vibaya mwaka 2021.

Nimekulia Newala, nyumba ya watu kumi na mmoja: bibi, mama, mama wadogo wawili, sisi watoto, na mjomba ambaye msimu wa korosho ukiisha alikuwa haondoki. Leo kwangu Chuno, Mtwara mjini, tuko watatu, na mume wangu siku nyingi yuko Dar. Wala si kwangu tu. Sensa ya 2012 ilikuta kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.7, ya 2022 ikakuta 4.3. Huku kwetu tangu Daraja la Mkapa la Mto Rufiji lifunguliwe 2003 Dar imekuwa karibu, vijana wanapanda basi, wazee wanabaki na mikorosho.

Nilipomaliza kujenga nikaenda kumchukua mama. Nikampa chumba chenye dirisha la aluminiamu, kitanda kipya, televisheni. Nilijivuna, nasema kweli. Asubuhi nafunga geti naenda kwenye cherehani zangu, mtoto shuleni, narudi saa kumi na mbili jioni. Mwezi wa nne nikamkuta amekalia ndoo aliyoigeuza, nyuma ya geti, jicho kwenye upenyo, anasubiri mtu apite.

"Mwanangu, leo hakuna aliyenisalimia. Nikifa asubuhi mtajua jioni."

Kesho yake akapanda basi la Newala.

Agosti 2022 karani wa sensa akaniuliza nani walilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23. Nikamtaja mama wa kwanza. Karani akarudia: alilala hapa? Nikanyamaza, akamfuta.

Mwaka 2023 nilirudi Newala, safari hii kuuliza. Mama alitaka baraza, basi. Nikampangia chumba Magomeni ya hapa Mtwara, nyumba ya korido yenye wapangaji watano, hatua chache kutoka kwenye cherehani zangu. Mjomba, na kwetu Wamakonde mjomba ana kauli, akasema mbele ya watu kwamba nimemtupa dada yake kwa wapangaji ilhali nina nyumba. Neno lile halijanitoka hadi leo. Kodi nalipa mimi, luku nanunua mimi, na chumba alikichagua mama mwenyewe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, muulize kwanza. Ukishamuuliza, nyamaza umsikilize. Muulize mchana atakaa na nani, maana usiku kila mtu amelala. Ndugu zangu wa Kusini, tunainua fensi tukidhani ndiyo kuwatunza wazazi. Watu wa ndani wakipungua, mzazi anabaki na jirani, na jirani hawezi kumjulia hali mtu aliyefungiwa geti. Tuwaulize, jamani. Tusiwabebe kama mizigo ya kwenye keria ya basi.

Jana nilimpelekea wali na samaki kwenye hotipoti. Nikamkuta barazani na mama wawili wa vyumba vya jirani, maganda ya ming'oko, vile viazi vya porini, yamejaa kwenye ungo.

"Weka hapo, mwanangu, sisi tumeshakula," akasema, akasogea nipate pa kukaa.