Zile milioni thelathini

Rama mdogo wangu,

Umeniuliza kama ni kweli mwanafunzi akifika Ujerumani serikali yao inamwekea milioni thelathini benki. Umesikia kwa shangazi, na shangazi kasikia kwenye harusi. Swali lako nimekaa nalo siku tatu maana limenichoma. Leo nakujibu, nawe msomee shangazi.

Fedha ipo. Ila hakuna Mjerumani aliyeiweka, tumeiweka sisi. Kama huna ufadhili, ubalozi unataka uonyeshe akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904 za mwaka mmoja ndipo upate viza. Imefungwa kweli. Kila mwezi inakuachia euro 992, hata nyumbani kuungue moto hupati zaidi. Na unajua zilikotoka. Baba mdogo aliuza kiwanja cha Pongwe, mama akakopa kwenye kikoba, na mpaka leo anarejesha. Mtu akisema nina milioni thelathini, mimi naona kile kiwanja.

Hizo 992 zina wenyewe kabla hazijafika. Chumba cha bweni hapa Leipzig kinachukua 340. Bima ya afya, ambayo bila hiyo chuo hakikusajili, ni zaidi ya 140. Kuna hata ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Sisi tunaishi wanne, tunachangiana. Halafu ule, upande treni, ununue dawa.

Mwezi wa tisa mama alipiga simu, bati la jikoni limeng'oka. Nikatuma 150. Wiki mbili nilikula wali mkavu, nikaona haiwezekani, nikatafuta kazi. Sheria inaniruhusu siku 140 kamili kwa mwaka, na kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Najua shangazi ameshazidisha kwa shilingi. Azidishe na kodi ya chumba pia.

Hapa usimsomee mama. Nasafisha kumbi za mihadhara. Naingia saa kumi na moja alfajiri, nafuta meza, nadeki, naokota vikombe vya kahawa. Saa nne narudi ukumbi uleule, nakaa mstari wa tatu na daftari langu. Huku mhadhara ukiisha watu hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vidole kumshukuru profesa. Wanagonga zile meza nilizozifuta. Siku moja msichana tunayefanya naye kazi za kikundi alisahau skafu, akairudia alfajiri, akanikuta na ndoo. Akanisalimia vizuri tu, lakini wiki nzima sikuweza kumtazama usoni. Kazi si aibu, Rama, mimi mwenyewe ningekwambia hivyo. Ila mama anaamini saa hizo niko maktaba, na uongo huo ndio unaonichosha kuliko deki.

Kwa hiyo usije. Usije kwa kitu kilichouzwa, nyumbani hakuna kiwanja kingine. Omba ufadhili, anza na DAAD, shirika la Kijerumani linalofadhili wanafunzi, na ukinyimwa omba tena mwakani. Ukiupata hiyo akaunti hawakudai. Ukifika, mwaka wa kwanza usitume hata senti. Waambie mapema, kabla hujapanda ndege, wakukasirikie wakiwa wanakuona. Mimi sikusema, na jana nimetuma tena, ada ya Neema. Sikuweza kukataa. Ningekataaje, na mimi nimesomeshwa hivyohivyo?

Lakini pia njoo. Mashine za kupima maji ambazo Dar nilizisoma kwenye slaidi, huku nimezishika, nimeziharibu, nimefundishwa kuzitengeneza. Profesa nilimwambia mbele ya watu kwamba hesabu yake imekosea, akanishukuru. Ungefurahi sana hapa, wewe unayependa kubishana.

Jua sasa linazama kabla ya saa kumi jioni, nikitoka darasani ni giza tayari. Narudi nyumbani mwezi wa tatu. Koti ninalovaa ni la kiume, nililipata mtumbani, zito kweli. Nitalibeba. Wewe usinunue lingine.

Dada yako