Muulize Fundi: Bekho ya trekta dogo, kuivua, kuihifadhi na kuchimbia

Fundi shikamoo. Mimi mkulima wa parachichi huku Makambako, kaka yangu yuko Marekani alinitumia katrekta kadogo Kubota BX23S kwenye kontena, mbele kana kijiko na nyuma kana bekho yake, ule mkono wa kuchimbia. Mitaro ya maji kanachimba vizuri sana ila sasa nataka nitoe bekho nifunge slasha nikate majani, na sijui naanzia wapi. Jirani kasema nitafute vijana sita waibebe, mwingine kasema nikodi kreni. Nisaidie nisije nikaumiza mtu.

Marahaba mdogo wangu, na umefanya la maana kuuliza kabla hujagusa pini. Hao vijana sita waache kabisa. Bekho hata ya katrekta kadogo ni mamia ya kilo na uzito wenyewe umekaa vibaya, mkono uko huku, miguu kule, ikiteleza hakuna wa kuizuia. Haibebwi, inajinyanyua yenyewe. Iangalie vizuri utaona ina miguu miwili ya pembeni na mkono wa katikati, hizo ni jeki tatu tayari unazo na zote unaziendesha ukiwa kwenye kiti.

Sehemu ya kuivulia ndo jambo la kwanza, na hapa watu wengi hawapi uzito. Tafuta sehemu tambarare, ngumu, ikiwezekana zege au changarawe iliyoshindiliwa, iwe chini ya paa, kwa sababu ukishaivua hapo ndo itakaa mpaka siku unaihitaji tena, haisogezeki kirahisi. Mkono uuweke katikati kabisa usiwe umeegemea kulia wala kushoto. Kijiko cha mbele shusha chini, handibreki vuta, injini ingurume taratibu bila resi. Halafu teremsha miguu ya pembeni juu ya vipande vya mbao, kijiko cha nyuma nacho kikae chini, uzito wote wa bekho uanze kuondoka kwenye trekta na kuhamia ardhini.

Sasa njoo kwenye zile pini mbili, moja kila upande. Zima injini, shuka, jaribu kuivuta moja kwa mkono. Ikigoma usichukue nyundo! Pini inayogoma inakwambia bado imebeba uzito, kwa hiyo rudi kwenye kiti, washa, nyanyua au shusha mguu wa upande huo kidogo sana, kama unene wa kidole, zima, shuka ujaribu tena. Utafika mahali pini inazunguka mkononi kama kifuniko cha chupa, hapo itoe. Najua kupanda na kushuka kunachosha na mtu anatamani amweke kijana pale nyuma amvutie pini huku yeye yuko kwenye leva, usifanye hivyo hata siku moja. Leva ikiguswa kidogo tu ule mkono unahama, na aliye katikati ya trekta na bekho hana pa kukimbilia.

Pini zikitoka, rudi kwenye kiti uwashe, tumia miguu na mkono kuinyanyua bekho itoke kwenye kulabu zake, polepole, uione kwa macho kwamba imeachia pande zote mbili. Kisha zima injini na ucheze leva zote kila upande mara kadhaa ili presha iliyobaki itoke, ndo uchomoe mipira ya haidroliki, ile inayopitisha oili. Funga kila mpira utepe wa rangi na kichwa unapochomekwa kwenye trekta ukipake rangi hiyo hiyo, nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, maana baada ya miezi mitatu hutakumbuka upi ulikuwa wapi.

Na hapa naomba unisikilize sana kwa sababu nimeona pampu zinakufa kwa kosa hili moja. Kwenye trekta nyingi za aina hii oili ya haidroliki inazunguka, inatoka kwenye pampu inapita kwenye bekho inarudi. Ukichomoa bekho ukaacha vichwa vya upande wa trekta wazi hivyo hivyo, ukawasha, oili haina njia. Utasikia mlio kama mluzi mkali, injini inazidiwa, mikono ya nyuma hainyanyuki, na mtu asiyejua anaongeza resi akidhani nguvu ni ndogo. Zima papo hapo. Ule mpira wa kwenda lazima uungane na kichwa cha kurudi upande wa trekta ili mzunguko ukamilike, na kitabu cha mashine yako kina mchoro unaoonyesha ni upi na upi. Ukiunga sukuma mpaka usikie imelia tak, halafu vuta kuhakikisha. Kichwa kilichoingia nusu kinaziba kama hakijaingia kabisa.

Ukishasogeza trekta mbele, rudisha mikono ya pointi tatu, ile ya nyuma ya kufungia vifaa, kama ilivuliwa, funga slasha yako. Ila jua trekta limebadilika tabia, ule uzito wa nyuma haupo tena. Ukipakia kijiko cha mbele udongo wa kujaa bila kitu kizito nyuma, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi na kwenye vilima vyenu vya huko linaweza kukupindukia. Slasha inasaidia kiasi, vinginevyo weka uzito nyuma na kijiko kibaki chini chini unapotembea.

Habari za kazi fundi. Niko Bagamoyo, bekho yetu tuliivua tukaiweka nje karibu na banda, ina miezi mitano. Juzi tunairudisha mipira haiingii kabisa, kijana amesukuma mpaka mikono imechubuka. Halafu zile chuma zinazong'aa kwenye silinda zimeanza madoadoa. Tatizo nini?

Salama mama, pole sana na kijana umpe pole. Mipira haiingii kwa sababu ya jua. Oili iliyobaki ndani imefungiwa pande zote, ikipata joto inatanuka na haina pa kwenda, kwa hiyo presha inasimama pale kwenye kichwa na nguvu za mtu haziwezi kuishinda. Msigonge kichwa kwa nyundo, mtaharibu kile kigololi cha ndani. Ifunikeni kivuli, au subirini asubuhi mapema kabla jua halijapanda, chezeni leva za bekho kila upande, mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Ikigoma bado, muite fundi alegeze nati ya upande wa pili wa mpira kidogo kidogo huku imezungushiwa kitambaa na amevaa miwani, itatoka oili kiasi kidogo sana kisha itaingia yenyewe.

Mama, mwambie kijana asitafute uvujaji wa haidroliki kwa kupapasa na kidole. Atumie kipande cha kadibodi. Oili yenye presha ikitoka kwenye tundu dogo kama la sindano inapenya ngozi, kidonda kinaonekana kadogo tu hakiumi sana mwanzoni, lakini ndani nyama inaharibika na hiyo ni ya kukimbiziwa hospitali palepale, siyo ya kusubiri kesho.

Hayo madoadoa ndo yananiuma zaidi maana ni upepo wa bahari na yangezuilika. Ile chuma inayong'aa ina kromu nyembamba juu, chumvi ikikaa inachimba vitundu, na kila silinda ikiingia na kutoka vile vitundu vinakata sili, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, mwisho oili inachuruzika. Niliwahi kufungua silinda ya mashine iliyokaa nje Tanga msimu mmoja, ukipitisha ukucha juu ya chuma unaukwaruza kama msasa, sili ilikuwa imechanika kama kamba ya katani. Kwa hiyo bekho ikihifadhiwa, silinda zote ziwe zimeingia ndani kadiri inavyowezekana, na kile kinachobaki nje kipakeni grisi nzito. Siku ya kuitumia futeni kwanza hiyo grisi maana inakuwa imeshika mchanga. Vichwa vya mipira vivalisheni vifuniko, kama vimepotea basi mfuko safi na mpira wa kufungia, na mipira iningʼinie juu isilale kwenye mchanga. Turubai juu, lakini chini muache wazi hewa ipite, ukiifunga yote jasho linabaki ndani.

Na wekeni magogo chini ya fremu. Miguu ya haidroliki inashuka presha yenyewe taratibu, leo imesimama sawa, baada ya mwezi imelala upande, na siku ya kurudisha kulabu hazikutani. Watoto wasiipande.

Sasa fundi, niko Kitale. Nimepata bekho used ya kufunga kwa three-point ya nyuma, bei poa kuliko ile ya kuja na fremu. Trekta yangu ni horsepower 30. Ninunue ama niwachane nayo?

Wachana nayo ndugu yangu. Bekho ilianza hivyo hivyo kama kifaa cha kufungwa kwenye trekta la shamba, huko Marekani mwaka 1948 kampuni ya Wain-Roy iliuza za haidroliki za kufunga kwenye Ford 8N, kwa hiyo wazo lenyewe si baya. Shida ni hiyo pointi tatu. Imetengenezwa kuvuta na kunyanyua, na bekho inasukuma chini kwa nguvu. Kijiko kikikwama kwenye mzizi au jiwe, bekho yote inaweza kunyanyuka juu kuja mbele na wewe uko kati yake na kile chuma cha kukukinga trekta likipinduka. Pia nguvu zote zinaishia kwenye kasha la gia la nyuma, linapasuka. Fremu inapita chini ya trekta na kugawa mzigo mpaka mbele, ndo maana bei iko juu.

Ukipata ya fremu, chimba hivi. Kijiko cha mbele bonyeza chini, miguu ya pembeni inyanyue nyuma hadi matairi yawe mepesi, trekta likae sawa. Usichimbe chini ya miguu ya bekho yenyewe. Usitumie mkono kufagia udongo pembeni, pini za kugeuzia zinakufa haraka. Udongo uliotoka uweke angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na mtaro ukifika kina cha mita moja na nusu mtu asiingie bila kingo za mbao, udongo mwekundu unaonekana mgumu lakini ukiporomoka hautoi onyo. Grisi kila siku ya kazi, pini zote, mpaka uone ile chafu inatoka pembeni na mpya inafuata.