Gogo limegeuza maji kuwa chai: majibu kwa wafugaji wa samaki aina ya beta

Nimetia gogo kwenye tangi la lita 20. Siku ya tatu maji yamekuwa kama chai ya rangi. Niyamwage yote?

Usimwage. Rangi hiyo ni tanini inayotoka kwenye mti, na beta hana ugomvi nayo. Kwao ni Thailand na nchi jirani, kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi yaliyotuama, ambako majani yanaoza chini na maji yana rangi hiyohiyo. Watu wa huko wanamthamini kiasi kwamba mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Wafugaji wao hutia jani kavu la mkungu makusudi ili wapate rangi hiyo unayotaka kuimwaga. Ndiyo, mkungu huuhuu ambao watoto wa Dar na Mombasa wanagonga kungu zake kwa mawe. Okota jani lililoanguka lenyewe likakauka rangi ya kahawia, lisuuze, litumbukize. Moja linatosha.

Kama macho yako hayapendi chai, badilisha robo ya maji kila wiki na rangi itafifia. Na ukiona gogo limeota utando mweupe kama kamasi, usishtuke. Usugue kwa mswaki wa zamani. Hudumu wiki chache kisha huisha.

Magogo ya dukani ni ghali. Naweza kuokota la kwangu?

Unaweza, ila chagua. Mimi natumia mpera: tawi lililokauka kabisa, gamba limebanduliwa. Mti mbichi una utomvu, utaoza na kuchafua maji. Minyaa usiiguse, maziwa yake ni sumu. Mkorosho una utomvu mkali, na mwarobaini nao uache, dawa yake haichagui kati ya mdudu na samaki. Mikoko usikate, hiyo ni misitu ya hifadhi. Kigogo cha ufukweni kimekunywa chumvi, kitakutesa wiki nyingi kukilowesha.

Chemsha tawi lako saa moja au mbili, kisha lizamishe kwenye ndoo, ukibadilisha maji kila siku, mpaka likae chini lenyewe. Lenye ubishi lifunge kwenye jiwe.

Kabla ya kulitia tangini, pitisha soksi nyembamba ya nailoni juu yake pote. Ikinasa mahali, piga msasa hapo. Mapezi ya beta ni mepesi kama kanga iliyochakaa, na ameumbwa kujipenyeza kwenye kila tundu. Wa kwangu wa kwanza alichana mkia kwenye ncha ya tawi nililoliona zuri mno kulikata.

Nimezika anubiasi kwenye mchanga, imeoza. Kosa langu lipi?

Umeizika. Ule mmea una shina nene linalotambaa, na shina hilo likifunikwa linaoza. Ni mizizi tu inayohitaji pa kushika. Uweke juu ya gogo, uzungushe uzi wa kushonea mara tatu nne, au tumia tone la supagluu ile ya jeli. Baada ya miezi michache mizizi itakuwa imelikumbatia gogo. Asili yake ni mito ya Afrika Magharibi na Kati, mingi yenye kivuli, kwa hiyo taa kwa muda wa saa sita hadi nane kwa siku inatosha. Ukizidisha, majani yatavaa mwani. Mmea uitwao Java fern nao ni hivyohivyo.

Niko Mwanza. Nichote mimea ziwani?

Hapana, na sababu si samaki, ni wewe. Mimea ya kando ya ziwa huja na konokono, na baadhi yao wanabeba kichocho. Ukiingiza mkono tangini, vimelea vinapenya ngozi. Omba kipande kwa mfugaji mwenzio. Magugu maji usiyafikirie hata kidogo, yamelitesa ziwa vya kutosha.

Lita tatu kwenye chombo cha maua, itafaa?

Haifai. Lita 20, mfuniko kwa sababu anaruka, na nyuzi joto 24 hadi 28. Wa Arusha na Nairobi, nunueni hita.

Beta wangu anajilaza juu ya jani karibu na uso wa maji, hasogei. Anaumwa?

Beta huvuta hewa ya juu kwa kiungo maalumu kichwani, kwa hiyo hupenda pa kupumzikia pasipo mbali na uso wa maji. Ndiyo maana nakuhimizeni mfunge anubiasi yenye majani mapana juu kabisa ya gogo. Mwangalie: mapezi hayajabana, hana madoa meupe, tumbo halijavimba? Kisha sogeza kidole kwenye kioo. Akija mbio kudai chakula, ulimkatizia usingizi tu.