Pedi ya ndani imekwisha, ya nje bado nene

Ndugu yetu wa Paje ameuliza kwa nini brekipedi alizofungiwa miezi minne tu iliyopita zimeanza tena kukwaruza upande wa kushoto, na iwapo anaweza kuzibadilisha mwenyewe. Anaweza, lakini namnasihi asinunue nyingine kabla ya kuzichomoa pini za kalipa, yaani kile kibanio kinachozibana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu, na kuzitazama, kwani hayo hayo yalinifika mimi ninayeishi Nungwi na kuegesha gari hatua chache kutoka pwani.

Nilipofungua tairi, pedi ya nje ilikuwa na unene wa milimita 7, nikakaribia kulirudisha nikiamini kelele inatoka kwengine. Nilipoinua kalipa ndipo nikaiona ya ndani: imelika mpaka bati lake linang'ara, na diski imechimbika mistari inayonasa ukucha. Pini ya chini haikuzunguka hata kwa koleo. Mpira unaoifunika pini hiyo ulikuwa umechanika, hewa ya chumvi ikapenya, na grisi ikaganda kama udongo mwekundu. Kalipa isipoteleza kwenye pini zake, pistoni yake, inayosukumwa na mafuta ya breki, huikandamiza pedi ya ndani, na ile ya nje hubakia karibu bila kazi. Kwa hiyo fundi aliyenifungia pedi mpya bila ya kugusa pini aliniachia ugonjwa ule ule.

Legeza nati kabla ya kupiga jeki, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, na usifanye kazi gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Kalipa itundike kwa waya, isining'inie kwenye mpira unaopitisha mafuta ya breki. Pini zisugue kwa msasa laini, uzipake grisi ya silikoni inayostahimili joto, wala si ile ya beringi, kwani hiyo huivimbisha mipira na pini zikakwama upya. Mpira uliochanika ubadilishwe. Bila ya hivyo chumvi itarudi. Unapoirudisha pistoni ndani, endelea kuliangalia kopo la mafuta ya breki, maana mafuta hupanda, na yakimwagikia bodi huharibu rangi. Vumbi lifute kwa kitambaa kibichi, usilipulize. Pedi zibadilishwe magurudumu yote mawili ya mbele, hata kama ni moja tu linalolia.

Kabla ya kuondoa gari, kanyaga breki mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu. Jirani yangu hakufanya hivyo; kanyagio likazama mpaka chini, na gari likasimamishwa na ukuta wa mawe wa nyumba yake.

Ama diski, mistari midogo si tatizo. Upime unene wake, uulinganishe na kipimo cha chini kabisa ambacho aghalabu huchongwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imeshuka chini ya hapo, pedi mpya zisubiri mpaka upate diski mbili.